Sifuri za Bwawa la Nyuma

Kila asubuhi ya siku ya shule, nyumba ya mlinzi wa ndege iliamka kwa mlio wa kokoto. Kabla birika halijaanza kuchemka, baba alikuwa amekwisha kukaa mezani, anazihesabu moja moja na kuzitia katika mfuko wa kulia wa koti lake la kazi. Kokoto zilikuwa themanini, ndogondogo, zimelainika kwa kushikwashikwa. Katika mfuko wa kifuani alitia magamba ya chaza, kumi na mawili tu, yasichanganyike na kokoto.

Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yake. Akiona ndege ishirini walio hai, kokoto moja inatoka mfuko wa kulia, inahamia wa kushoto. Akiona ndege mmoja aliyekufa, gamba moja linatoka kifuani, nalo linahamia kushoto. Akimaliza mzunguko anaketi, anaumwaga mfuko wa kushoto mezani, na kilichomo ndicho anachokiandika katika daftari la hifadhi. Kichwa husahau, alisema, mfuko hausahau. Miaka kumi na moja alihesabu hivyo, na mkewe alizoea kumtania kwamba siku akianguka majini atazama kama nanga, wamwopoe na hesabu yake kamili.

Hifadhi yenyewe ilikuwa hapo hapo, ng'ambo ya uzio wa nyumba: mabwawa mawili ya maji ya chumvi, mikoko, na tope jeusi lisilo na mwisho bahari inapotoka. Baridi inapokaza kule kaskazini ya dunia, ndege huja kwa maelfu. Wapo vitwitwi wadogo wanaokimbia ukingoni kama wametumwa dukani, na wapo sululu wenye midomo mirefu iliyopinda. Hula, hunenepa, kisha hurudi walikotoka kwenda kuzaa. Bwawa la Mbele lilikuwa la wageni, lina kibanda cha mbao chenye madirisha ya kutazamia. Bwawa la Nyuma lilijificha nyuma ya mikoko na halikuwa na kibanda. Aliyetaka kujua kilichoko huko alilazimika kulizunguka kwa miguu, saa nzima, tope likimfika vifundoni.

Siku moja utani wa mama ukawa kweli nusu. Baba aliteleza kwenye daraja la mbao, akavunjika kifundo cha mguu. Alirudi kutoka hospitali na plasta nzito mpaka gotini na mkongojo mmoja kila kwapa, akaambiwa asikanyage chini wiki sita.

Mkuu wa hifadhi alikuja kumjulia hali. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye maneno machache na buti zisizokauka. Alileta mkate na machungwa, akasema kibarua ataletwa kutoka mjini kushika daftari mpaka mguu upone. Baba akakataa. Kilichovunjika ni mguu, alisema, macho yake mazima. Atazunguka taratibu kwa mikongojo. Mkuu aliitazama ile plasta kwa muda.

"Haya," alisema. "Lakini ukishindwa, niambie. Kushindwa si aibu. Kunyamaza ndiko kutakakotuponza."

Alipokwisha kutoka, mama aliuliza mtu atapitaje kwenye lile tope na mikongojo. Baba akamjibu kwamba kibarua wa wiki sita huota mizizi. Aliwajua walinzi wawili waliougua, wakarudi kazini na kukuta kiti chao kinapashwa joto na mwingine. Kisha akamgeukia binti yao, ambaye alikuwa akiosha vikombe.

Binti huyo alikuwa na miaka kumi na miwili, na mtaa mzima ulimwita Chapuchapu. Alikula chapuchapu. Aliosha vyombo chapuchapu, mafuta yakabaki pale pale. Aliandika chapuchapu, mpaka mwalimu akasema daftari lake limepitiwa na kuku. Methali ile ya haraka na baraka alikuwa ameisikia mara nyingi hata masikio yake hayakuishika tena. Lakini ndege aliwapenda, na alijua kuhesabu kwa kokoto tangu akiwa na miaka sita.

Wakapatana hivi. Kila alfajiri watatoka wawili. Baba atakaa kibandani ahesabu Bwawa la Mbele kwa darubini. Chapuchapu atavaa koti, atazunguka Bwawa la Nyuma, atarudi na mfuko. Baba ataandika na kutia sahihi, mtoto atawahi shule. Mkuu hana haja ya kujua.

Mama hakulipenda jambo hilo. "Mnafungua mlango msioujua unakoelekea," alisema, akaendelea kufagia.

Jumatatu Chapuchapu alizunguka bwawa lote. Koti lilimfika magotini na kokoto zilimgonga pajani. Alihesabu ndege elfu moja na mia nne, na nyuma kabisa, kwenye majani marefu, akakuta vitwitwi wawili wamekufa. Aliwazika kama alivyofundishwa, akahamisha magamba mawili. Baba alipoyaona mezani alikunja uso. Wawili si wengi, alisema, lakini maji ya bwawa lile yamesimama na jua ni kali. Kesho aangalie vizuri zaidi kwenye yale majani. Kisha akauliza kama amemwona Mwenye Pete.

Mwenye Pete alikuwa sululu mmoja, jike, aliyevishwa pete ya bati mguuni na watu wa kaskazini, pete yenye namba. Miaka sita mfululizo alirudi bwawani hapo. Baba alimngojea kila mwaka kama mtu anayengoja shangazi kutoka safari. Chapuchapu akasema amemwona, na ilikuwa kweli.

Jumanne tope lilimeza ndara yake ya kushoto. Aliitafuta kwa mkono mpaka kwenye kiwiko, akaipata, nayo imekatika kigozi. Alikuwa nusu ya njia. Huko mbele kulinuka vibaya, jua limeshapanda, na juzi tu mwalimu alikuwa amemwonya kwa kuchelewa. Akasimama akatazama. Ndege walionekana kwa mbali, wengi tu, kama jana. Akahamisha kokoto sabini kwa mara moja, magamba akayaacha yalipo, akageuka.

"Waliokufa?" baba aliuliza.

"Hakuna."

Uso wa baba ulifunguka. Afadhali, alisema, usiku kucha hakulala kwa kuwafikiria wale wawili. Akaandika sifuri, nzuri ya duara, akatia sahihi chini yake. Chapuchapu aliitazama ile sifuri ikikauka wino. Hakuna aliyeumia, alijiambia. Na baba amefurahi.

Uongo wa kwanza ulikuwa na sababu: ndara ilikatika. Wa pili haukuhitaji. Jumatano alifika kwenye gogo lililolala nyuma ya mikoko, mahali ambapo baba hawezi kumwona, akaketi. Akahesabu dakika badala ya ndege. Alhamisi vilevile, na huko gogoni alipata na kazi ya kufanya, maana Jumamosi darasa lao lilikuwa linakuja kutembelea hifadhi. Mwalimu alimchagua yeye awe msemaji, kwa kuwa ndiye mwenye ndege. Basi akawa anasimama juu ya gogo na kuihutubia mikoko: wageni wetu hawa, ndugu wanafunzi, wanaruka usiku na mchana juu ya bahari, na sisi wenyeji wao ni wajibu wetu kuwatunza. Upepo ulileta harufu kutoka bwawani. Akadhani ni tope.

Jumanne sifuri, Jumatano sifuri, Alhamisi sifuri. Na chini ya kila sifuri, sahihi ya baba.

Ijumaa, alipokuwa amekaa gogoni, aliona ndege akija juu ya maji polepole. Hakuwa akiogelea, upepo ndio uliokuwa ukimsukuma. Alikuwa sululu. Mabawa yamefunguka kidogo kama nguo iliyoloa, na shingo imelala juu ya maji, haina nguvu ya kubeba mdomo wake mrefu. Alisukumwa mpaka ukingoni, hatua tatu kutoka gogo. Mguu mmoja ulikuwa juu ya tope, na mguuni mlikuwa na pete.

Jicho lake lilikuwa wazi, likimtazama Chapuchapu.

Hapo angeweza kukimbia kumwita baba. Moyo ulimwambia hivyo hivyo. Lakini akiita, ataulizwa wengine wako wapi, ataulizwa alikuwa wapi siku tatu. Akajiambia ndege amechoka. Amelala. Ndege nao hulala. Akaondoka kinyumenyume, akihamisha kokoto huku anatembea.

Kibandani baba aliuliza kama kawaida kama amemwona Mwenye Pete.

"Nimemwona," alisema Chapuchapu. "Amelala."

"Mwache alale. Wiki mbili zijazo ana safari ndefu."

Jumamosi wanafunzi arobaini waliteremka kwenye basi la shule wakiwa na chupa za maji na kelele za soko zima. Mbele yao wote alikuwa rafiki yake Chapuchapu aliyeitwa Redio, msichana asiyezimika, ambaye kabla ya kufika kibandani alikwisha kuuliza kama ndege huota ndoto, kama hutapika wakiwa angani, na kama mlinzi hulipwa kwa kila ndege au kwa jumla. Baba, mguu juu ya kigoda, alicheka mpaka mikongojo ikaanguka.

Chapuchapu alitoa hotuba yake. Aliitoa vizuri, bila kukimbia hata neno moja, na mwalimu akashangaa. Wakampigia makofi. Mkuu wa hifadhi, aliyesimama mlangoni na buti zake, alitikisa kichwa kuridhia, akafungua daftari lililokuwa mezani.

Bwawa la Mbele leo lina ndege wachache, aliwaambia wanafunzi. Lakini daftari linasema Bwawa la Nyuma lina elfu moja na mia nne, wazima wote, hakuna aliyekufa tangu Jumatatu. Basi watapelekwa huko, mahali wasikopelekwa wageni.

Chapuchapu alijipenyeza mpaka mbele ya Mkuu. Alisema haraka kwamba huko kuna tope baya, watu watapoteza viatu.

"Tope halijaua mtoto," alijibu Mkuu, akatangulia.

Walikwenda mstari mmoja nyuma ya mikoko. Walipita lile gogo. Harufu ilianza hapo, na kila hatua ilizidi, mpaka watoto wakashika pua na kuanza kusingiziana, kama watoto wafanyavyo. Redio alimsingizia mwalimu. Walicheka. Kisha njia ikakata kona, na kicheko kikakatika kwa wa mbele, halafu kwa wa nyuma yao, mmoja baada ya mwingine, kadiri walivyofika.

Ukingo wote ulikuwa ndege. Walilala kwenye majani, juu ya tope, ndani ya maji, wengine juu ya wengine. Vitwitwi walikuwa kama majani makavu yaliyofagiliwa na kuachwa. Baadhi yao walikuwa bado hai, na hao ndio waliowaliza watoto: walijaribu kunyanyua shingo na shingo zikaanguka, na waliokuwa majini, vichwa vikizama, hawakuvitoa tena. Nzi walikuwa wengi hata mlio wao ulisikika kama mashine. Katikati ya wafu, ndege wazima walikuwa wakitembea na kudonoa. Walikuwa wakila funza.

Mwalimu aliwageuza wanafunzi mara moja, akawaambia wasiguse kitu. Redio alibaki amesimama, ameinama, akinyoosha kidole bila kushika. Kwa mara ya kwanza tangu ajulikane, alisema maneno mawili tu.

"Ana pete."

Mkuu alipiga goti topeni. Hakupaza sauti. Alitazama upande huu na upande ule, midomo ikimtembea, na Chapuchapu akajua anahesabu.

Saa moja baadaye wanafunzi walikuwa kivulini mwa ofisi wakinawishwa mikono kwa sabuni, na ndani ya ofisi baba alisimama kwa mikongojo mbele ya meza. Mlango ulikuwa nusu wazi. Chapuchapu, aliyekuwa ametumwa kuleta koti la baba, alisimama nje amelikumbatia.

Mkuu aliuliza ni nani aliyeandika sifuri nne. Baba akasema ni yeye. Je, alifika Bwawa la Nyuma?

"Sikufika, Mkuu. Nilishindwa na mguu. Niliona aibu, nikaandika kwa kukisia. Kosa ni langu peke yangu."

Mkuu alisema maneno hayo atayaandika kwenye barua kwa wakubwa wake, na wao hawatakuwa na la kufanya ila kumwachisha kazi. Baba akasema ameelewa. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeambiwa bei ya sukari.

Nje, Chapuchapu alisikia kila neno. Hakuna aliyemwona. Angeweza kungoja kidogo, akaingia, akatoa koti, akaondoka, na jambo lingeishia hapo. Tena baba mwenyewe ndiye aliyetaka hivyo. Lakini baba alikuwa anadanganya kwa ajili yake, na alikuwa akidanganya vibaya, kwa kuwa hakuzoea.

Aliingia. Alitia mkono katika mfuko wa kifuani wa koti, akatoa magamba, akayamwaga mezani. Yalisambaa juu ya daftari, kumi na mawili.

"Aliyekuwa akienda nyuma ni mimi," alisema. "Jumatatu nilifika. Siku nyingine sikufika. Nilikaa kwenye gogo, nikamwambia baba hakuna waliokufa, baba akaniamini. Na Ijumaa nilimwona Mwenye Pete. Alikuwa hawezi kunyanyua shingo. Nikasema amelala."

Baba alifumba macho. Mkuu alichukua gamba moja, akaligeuzageuza, akalirudisha. Kisha akamwuliza baba kama ni kweli kwamba alimtuma mtoto kwa siri. Baba akasema ni kweli.

"Kumbe mmenidanganya wawili," alisema Mkuu. "Haya. Mwenye kusema atasema baadaye. Sasa hivi kuna ndege wanaozama."

Daktari wa wanyama alifika mchana. Alieleza, akiwa amevaa glavu na buti mpaka mapajani, kwamba vijidudu vya ugonjwa huu hukaa topeni siku zote bila kudhuru mtu. Maji yakisimama na kupata joto sana, hutoa sumu. Ndege akiila hulegea shingo, akazama au akafa kwa kiu. Mzoga wake huingia funza. Funza hawadhuriki na ile sumu, lakini wanaibeba, na ndege mzima akila funza hao, naye ni siku mbili. Kwa hiyo mfu mmoja anaua kumi, na hao kumi wanaua mia. Dawa yake ni mbili tu: kuokota mizoga mapema, na kuleta maji mapya.

Chapuchapu aliuliza mapema ni lini.

"Jumanne," alisema daktari, bila kujua anamwambia nani. "Kwa hali hii, Jumanne walikuwa kama saba au wanane. Mtu mmoja na gunia moja."

Kazi ilichukua siku tatu. Walinzi wote waliingia bwawani, na mama naye akaja, akafunga kitambaa puani. Chapuchapu aliomba kuokota. Mkuu akamkatalia, kazi ile si ya mtoto. Alimpa nyingine. Alimkalisha penye shimo walipokuwa wakizika na kuchoma, akamvisha koti la baba, akamwambia ahesabu kila ndege anayetoka guniani, mmoja mmoja, bila kuruka.

Magamba kumi na mawili yaliisha kabla gunia la kwanza halijafika nusu. Ikabidi kokoto, zilizokuwa za walio hai miaka yote, zihesabu wafu, ishirini kwa kila moja, na magamba yawe ya waliozidi. Jumatatu jioni aliumwaga mfuko wa kushoto mbele ya Mkuu: kokoto thelathini na moja, na magamba kumi na moja. Ndege mia sita thelathini na mmoja. Aliandika namba hiyo mwenyewe, polepole, kila tarakimu mahali pake.

Siku hiyo hiyo ilikuwa bamvua, yaani siku bahari inapojaa kuliko kawaida. Walinzi walivunja kutu kwa nyundo, wakaufungua mlango wa maji uliokuwa umekwama, na bahari ikaingia Bwawa la Nyuma kwa nguvu, baridi na safi, ikachukua lile joto na ule uvundo. Wiki iliyofuata walikufa kumi na wanne. Iliyofuata, watatu. Ugonjwa ulikuwa umekatika.

Barua ya wakubwa ilikuja. Baba hakuachishwa kazi, kwa kuwa Mkuu aliandika yote, pamoja na kwamba mtoto alijitokeza mwenyewe. Lakini alinyang'anywa daftari kwa mwaka mzima. Alipewa kiti langoni awe anakata tiketi, na kibarua akaletwa kutoka mjini, dada mmoja mchangamfu, kushika kazi ya miaka kumi na moja. Jambo alilolikimbia baba lilimjia kwa njia ile ile aliyoikimbilia. Jioni kokoto zilikaa kwenye bakuli juu ya kabati, hakuna aliyezihesabu.

Shuleni nako jina lilibadilika. Aliyekuwa Chapuchapu akawa Sifuri. Aliitwa hivyo uwanjani, aliitwa hivyo msalani. Redio ndiye aliyeanzisha, kisha akaona haya, akajaribu kulizima, lakini jina la utani ni kama moshi, halirudi jikoni. Chapuchapu alipomlalamikia mama, mama alisema hana la kufanya. Jina hilo hakupewa, amelitafuta, na alivumilie mpaka lichoke lenyewe.

Pete ya yule sululu ilikuwa na anwani upande wa ndani. Jioni moja baba aliisafisha kwa dawa, akaifunga kwenye karatasi, akamwita binti yake aandike barua ya kuirudisha kwa wale walioivisha. Walitaka kujua ndege ameonekana wapi, lini, na katika hali gani. Chapuchapu aliandika mahali. Kwenye hali, kalamu ikasita. Aliuliza kama aandike kwamba alikutwa amekufa.

"Andika ulivyomwona," alisema baba.

Akaandika: Ijumaa alionekana hai, mgonjwa. Hakusaidiwa. Jumamosi alikutwa amekufa. Baba aliisoma, akaikunja, akailamba bahasha. Hakumgombeza. Afadhali angemgombeza.

Ndege waliosalia waliondoka alasiri moja, maji yakijaa. Walipanda kwa makundi, wakazunguka mara mbili juu ya mikoko, kisha wakaelekea kaskazini. Kundi lililozoea kuziba jua mwaka huu lilipita na jua likaonekana katikati yake. Baba alisimama langoni kwa mikongojo mpaka hapakuwa na kitu angani.

Bwawa la Nyuma lilibaki na ndege wachache wasiosafiri mwaka huo, na hao nao wanahesabiwa. Chapuchapu alimwomba Mkuu aruhusiwe kuzunguka na kibarua kila Jumamosi, kwa ruhusa, mchana kweupe. Mkuu akakubali. Jumamosi ya kwanza walimkuta kitwitwi mmoja amekufa kwenye majani yale yale. Kibarua alimwokota kwa glavu, gamba moja likahama. Jumamosi ya pili walizunguka saa nzima na robo. Chapuchapu aliingia kwenye kila kichaka. Ndara ilizama mara mbili, na mara mbili akaitoa. Alifunua majani kwa fimbo, akarudi nyuma alipotilia shaka, akafunua tena. Hapakuwa na kitu.

Kibarua alimpa daftari aandike yeye. Chapuchapu alishika kalamu, mkono ukakataa. Alisema anaogopa namba ile. Kibarua akamwambia akamwulize baba yake.

Baba alikuwa langoni, plasta imekwisha kukatwa, mguu mwembamba kama wa kuazima. Alilitazama daftari ambalo halikuwa lake tena, kisha akatazama miguu ya binti yake, nyeusi kwa tope mpaka magotini.

"Umefika mpaka mwisho?"

"Nimefika."

"Kwenye majani?"

"Nimefunua yote. Mengine mara mbili."

"Basi iandike," alisema baba. "Kaa hapa nikwambie jambo nililopaswa kukwambia kabla sijakuvisha koti langu. Ukihesabu mia ukakosea mmoja, watu watakusamehe, kila mtu hukosea. Lakini sifuri si ya kukisia. Anayeandika sifuri anawaambia wenzake walale, hakuna hatari. Na wao watalala. Mimi nililala usiku nne kwa neno lako, na Mkuu alilala kwa sahihi yangu, na sote tulipoamka, umeona. Kwa hiyo mwanangu, sifuri ndiyo namba ngumu kuliko zote. Huiandiki mpaka umeifuata kwa miguu yako. Ukishindwa kufika, sema hukufika. Hilo mimi mwenyewe, na mvi zangu hizi, sikuliweza, nawe ulinitazama ukajifunza kwangu. Tuliache hapa langoni, sote wawili."

Chapuchapu aliketi kwenye ngazi ya lango. Alifuta kidole cha kalamu kwenye sketi, akaandika tarehe, akaandika mahali. Kisha akachora sifuri, taratibu, mpaka mwisho wa mstari ukakutana na mwanzo wake. Chini yake, badala ya sahihi ya baba, akaandika jina lake mwenyewe.